Vita Vikishaisha, Nani Yuko Ufuoni?

  Kama uko Gongoni pale stendi unangoja matatu ya Malindi, kama uko jikoni nazi iko kwenye mbuzi, au umetoka chumvini na miguu bado inawasha, tega sikio kidogo. Leo sizungumzii bei ya unga wala siasa za kaunti. Leo nazungumzia mchezo wa kuigiza.

Na si mchezo wa juzi. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Athens, Ugiriki, mwaka 415 kabla ya Kristo. Hesabu yake inapita miaka 2,400. Mtunzi anaitwa Euripides, na mchezo unaitwa Wanawake wa Troy.

Najua kuna mtu keshaanza kuguna. Wagiriki na sisi, wapi na wapi? Ngoja nikuulize. Fumo Liyongo unamjua? Yule shujaa wa Ozi na Pate, mkuki haumdhuru, mshale haumdhuru, mpaka siku anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, tena na mwanawe wa kumzaa. Basi Wagiriki nao walikuwa na shujaa wa namna hiyo, Achilles, ambaye silaha haikumpata ila kisigino. Wetu kitovu, wao kisigino. Na Achilles huyo alikwenda kupigana Troy.

Sasa kumbukeni Kithaka wa Mberia alivyofanya. Alichukua kile kifo cha Liyongo cha kisimani, akaandika tamthilia ya Kifo Kisimani, na vijana wetu wa sekondari wakaisoma kama kitabu kuhusu watawala wa siku hizi. Hivyo ndivyo watunzi wa jukwaani walivyo. Huchukua kisa ambacho kila mtu anaujua mwisho wake, halafu wakakigeuza kiseme jambo la leo. Euripides naye alifanya hivyo hivyo. Hadhira yake ilikuwa inaijua hadithi ya Troy tangu utotoni: Wagiriki wamepiga kambi miaka 10, yule farasi wa mbao akaingizwa mjini na askari tumboni, mji ukatekwa, Wagiriki wakashinda. Hadithi ya kujivunia, ya kutambiana.

Je, Euripides alianzia wapi? Hakuanzia kwenye farasi. Hakuanzia kwenye mapigano. Alianzia asubuhi ya pili yake.

Pazia likifunguka, ndugu msikilizaji, vita vimekwisha. Mji unafuka moshi. Mashua za washindi ziko ufuoni zinangoja upepo. Na pale chini, mchangani, amelala mwanamke mzee. Huyo ni Hecuba. Jana alikuwa malkia. Mumewe ameuawa, wanawe wa kiume wameuawa, na yeye na wakwe zake na binti zake wanangoja kugawanywa kama mali. Fulani atakwenda na jemadari fulani, fulani atakuwa mtumwa wa nyumba fulani. Mchezo mzima ni huo: wanawake wako ufuoni wanangoja kuambiwa ni wa nani. Hakuna upanga unaochomolewa mbele ya watazamaji, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nirudie hapo, kwa sababu ndipo penye uzito. Mchezo wa kupinga vita, na ndani yake hakuna vita. Mbona? Kwa sababu mapigano yakiwekwa jukwaani yanapendeza. Kijana akiona panga zinapigana anashangilia, hata kama mwalimu amemwambia alie. Euripides alilijua hilo, akatunyima.

Sasa kuna mtu mmoja katika mchezo huo ambaye nikimfikiria usingizi unanipaa. Jina lake Talthybius. Si jemadari, si mfalme. Ni mjumbe. Kazi yake ni kutumwa na wakubwa kuja kuwaambia wale kina mama yaliyoamuliwa. Anakuja mara ya kwanza, anasema nani amepewa nani. Anakuja mara ya pili, na mara hii maneno hayamtoki vizuri. Wakubwa wameamua kwamba mjukuu wa Hecuba, mtoto wa kiume, mdogo tu, mwana wa Hector, atupwe kutoka juu ya ukuta wa mji. Sababu? Akikua atalipiza kisasi. Mtoto! Majeshi yaliyobomoa mji mzima yanamwogopa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Na sikilizeni jinsi Talthybius anavyomwambia mama wa mtoto. Anamshauri asilaani, asipige kelele za kuwatukana Wagiriki, kwa sababu akifanya hivyo huenda wakamnyima mtoto hata maziko. Maneno ya upole hayo! Mangapi tumeyasikia ya namna hiyo? Nyamaza mama, usije ukaharibu zaidi. Tia sahihi hapa, mengine tutayatazama. Mimi nimetumwa tu.

Sisi tunasema mjumbe hauawi. Ni kweli, na Talthybius hauawi. Lakini Euripides hamwachi aende zake mikono mitupu. Anamrudisha mara nyingine akiwa amebeba maiti ya mtoto juu ya ngao, ile ngao ya baba yake, Hector. Mama mtu keshapakiwa melini, hakuruhusiwa kumzika mwanawe. Na yule mjumbe anamwambia Hecuba kwamba njiani, alipovuka mto, amemwosha mtoto, amesafisha majeraha. Sasa anakwenda kuchimba kaburi ili kazi iishe haraka, merikebu zipate kung'oa nanga.

Unalionaje hilo wewe unayeijua kazi ya kuosha maiti? Kwetu maiti huoshwa na watu wake. Hapa mtoto ameoshwa na mtumishi wa waliomuua, tena mtoni, kwa haraka. Na jeneza lake ni ngao. Hawe mtu, bibi yake, anamtazama vidole, anasema vimefanana na vya babake. Anakumbuka mtoto alivyokuwa akimpandia kitandani na kumwahidi kwamba siku bibi atakapokufa, yeye ataleta vijana wa rika lake kaburini. Mambo yamepinduka: kikongwe ndiye anayemzika mtoto. Sidhani kuna nyumba Magarini hii ambayo ingekisikia kipande hicho ikaendelea kula.

Tuvute pumzi kidogo. Nimesema mchezo huu unapinga vita. Swali: unampinga nani? Hapa ndipo mazungumzo yangu ya leo yanapoelekea, kwa hiyo naomba tuwe pamoja.

Mwaka mmoja kabla ya mchezo ule kuonyeshwa, watu wa Athens walikizingira kisiwa kidogo kinachoitwa Melos. Watu wa Melos walikuwa hawataki kuingia katika vita vya wakubwa. Athens ikasema: ama mko nasi au mtaona. Kisiwa kikasalimu amri. Wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Miezi michache baadaye, wananchi wale wale wa Athens, na bila shaka wengine walikuwa wametoka huko huko, wakaketi katika uwanja wao wa maonyesho wakiwatazama wanawake wa Troy wakigawanywa. Na waliokuwa wanagawa ni nani? Ni Wagiriki. Ni wao. Babu zao, mashujaa wao, wale wanaowaimbia watoto.

Euripides hakutunga mchezo wa kuonyesha ukatili wa adui. Alitunga mchezo wa kuonyesha ukatili wa kwao, mbele ya watu wa kwao, na adui ndiye akapewa nafasi ya kulia. Walimpa zawadi? Walimpa ya pili. Mtu mmoja aitwaye Xenocles akachukua ya kwanza, na leo huyo Xenocles hajulikani ila kwa kumshinda Euripides siku hiyo. Na mwaka huo huo Athens ikatuma meli nyingi kwenda kuiteka Sicily, ikapigwa vibaya mno miaka miwili baadaye. Mchezo haukuzuia vita. Tusidanganyane kwamba michezo huzuia vita.

Wakati mwingine Wagiriki walilifanya jambo hili kwa kicheko. Kuna ile tamthilia ya Aristophanes, ya mwaka 411, wanawake wanagoma kulala na waume zao mpaka vita vikome. Watoto wakiwa wamelala niwakumbusheni kwamba mwaka 2009 mashirika ya wanawake Nairobi yalitangaza mgomo kama huo wa wiki moja, ili Kibaki na Raila waache kuvutana. Mnakumbuka vichekesho vya siku zile. Haya, tuliache hilo, mzee mwenye kituo asije akanikatia mitambo.

Turudi nyumbani. Sisi tunao utamaduni wa michezo. Kila mwaka shule zetu zinashindana katika tamasha la drama, kutoka ngazi ya chini mpaka taifa. Nimeketi kwenye hizo kumbi. Na nimeona michezo mingi ya amani. Mnajua inavyokwenda? Koo mbili zinapigana, kijana anapenda msichana wa upande wa pili, damu inamwagika kidogo, mzee mwenye mvi anasimama anatoa hotuba, watu wanashikana mikono, wimbo, pazia. Majaji wanapiga makofi. Na mara zote, mara zote jamani, mchochezi ni mwanasiasa asiye na jina anayetoka mbali. Sisi wenyewe? Sisi tulidanganywa tu.

Naona huko ni kukwepa. Nawaheshimu walimu wa drama, wanafanya kazi ngumu kwa bajeti ya chai na mandazi. Lakini mchezo wa amani ambao hakuna mtu ukumbini anayetoka akijikuna, hasa huo ni mchezo wa nini?

Wanaoweza kutufundisha hatuna haja ya kwenda Ugiriki kuwatafuta. Ebrahim Hussein wa Kilwa aliandika Kinjeketile mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji. Angeweza kutupa mchezo wa Mjerumani mbaya na Mwafrika mwema basi. Mjerumani mbaya yumo, ndiyo. Lakini moyo wa mchezo uko kwa Kinjeketile mwenyewe, anapoona kwamba yale maji aliyoyatangaza yatawapeleka watu mbele ya risasi, na watu hawamsikilizi tena, na yeye mwenyewe hawezi kulirudisha neno kinywani. Hilo ni swali la upande wetu. Ndiyo maana mchezo haujazeeka.

Na kule Nigeria, Femi Osofisan aliuchukua huo huo mchezo wa Wanawake wa Troy mwaka 2004, wakati Iraki imevamiwa na dunia nzima inabishana. Akauita Wanawake wa Owu. Owu ni mji wa Wayoruba uliobomolewa karne ya 19. Na walioubomoa ni majeshi ya Ijebu na Ife, Wayoruba wenzao. Mchezo ulionyeshwa kwanza Uingereza. Waingereza waliokuja kutazama wangeweza kuiona Iraki ndani yake, na Wayoruba wakajiona wenyewe. Kila mmoja alipata lake.

Sasa nakuja Gongoni. Tukitaka kuufanya mchezo huu hapa petu, tuuweke wapi?

Jibu la haraka nalijua, kila mtu atalitaja: mwaka 1914, Mekatilili wa Menza. Na kweli vifaa vyote viko. Agosti ya mwaka huo serikali ya Mwingereza ililipua Kaya Fungo. Wagiriama waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki, yaani huku huku tunakoishi, wakaamriwa wavuke kwenda kusini, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, wakatozwa faini ya rupia laki moja na kutakiwa kutoa vijana 1,000 wa kwenda kubeba mizigo katika vita vya Wazungu. Vita vya nani? Vya Mjerumani na Mwingereza. Na mwaka uliotangulia, Mekatilili aliwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya msiba. Hebu fikirini: Euripides aliwapa wanawake wake kazi ya kuitikia kilio tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi hatuna haja ya kufundishwa kuitikia. Kifudu kipo. Wavisheni hando, wapangeni, mchezo umekwisha simama.



Lakini, na hili ni lakini kubwa, 1914 ina hatari yake. Inatupa adui rahisi. Mzungu amevaa kofia ngumu, sisi tumevaa hando, sisi wema, yeye mbaya, tunalia, tunapiga makofi, tunakwenda kula. Hapo tunakuwa tumemnyang'anya Euripides jino lake. Nani anayejikuna?

Ndiyo maana mimi ningependekeza mahali pengine. Si mbali. Mambrui. Ufuo ule ule unaokwenda kupunga upepo. Karne ya 19 mashamba ya Malindi na Mambrui yalikuwa yanatoa mtama na ufuta wa kujaza majahazi, na yalilimwa na watumwa. Wake kwa waume walishushwa pwani hii, wakagawanywa: huyu wa fulani, huyu wa fulani. Nani alikuwa mshindi hapo? Watu wenye majina tunayoyajua, wenye misikiti tunamosali. Na wa bara je, wako safi? Watoro wengi walikimbilia kwa Wagiriama na kuna waliopokewa vizuri. Lakini miaka ya njaa wazazi waliweka watoto rehani pwani ili wapate chakula, na wako ambao hawakurudi. Utumwa kisheria ulikoma pwani yetu mwaka 1907 tu. Inasimuliwa kwamba hata Mekatilili mwenyewe kaka yake mmoja alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa asionekane tena. Kwa hiyo hadithi hizi mbili si mbali na mbali.

Ukiuweka mchezo Mambrui, ukumbini kutakuwa na wajukuu wa waliogawanywa na wajukuu wa waliogawa, wameketi benchi moja. Pengine mtu mmoja ni mjukuu wa wote wawili, maana pwani yetu imechanganyika. Huo ndio mchezo ambao ningelipa tiketi kuutazama.

Kuna mzee atanipigia simu kesho, namjua sauti, atasema: mwanangu, mbona unafukua makaburi? Vidonda vimepona. Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima. Vimepona vipi? Mwaka 2012, barabara hii hii inayopita Gongoni kwenda Garsen, ukiifuata mpaka Tana Delta, kijiji cha Riketa zaidi ya watu 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata, Kilelengwani. Desemba, Kipao. Leo upande huu, kesho upande ule. Waliofanya hayo si Wazungu wala Waarabu wa zamani. Ni watu wanaokunywa maji ya mto mmoja. Na watoto waliouawa, nina hakika kuna mtu alisema maneno yale yale ya wakubwa wa Troy: watakua hawa.

Wengine wananiambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali nzuri, lakini inawasamehe fahali. Inafanya vita kama mvua, vimenyesha tu. Katika mchezo wa Euripides fahali wana majina. Tunaambiwa ni Odysseus aliyetoa shauri la kumuua mtoto. Ametajwa jina, mbele ya watu wanaomtukuza.

Nawaambia na hili, kwa walimu na vijana wa vikundi vya sanaa hapa Gongoni, Mambrui na Malindi. Mkiamua 1914, fanyeni 1914, sikatazi. Ila Talthybius msimfanye mzungu. Mwingereza aliwateua wazee wa kumkusanyia kodi na kumtafutia vibarua, na hao hasa ndio Mekatilili aliwakabili kwa kiapo. Mjumbe wenu awe mmoja wa hao. Mpeni jina la kwetu, mpeni salamu za heshima, awaite kina mama kwa majina ya watoto wao, awe na watoto wake nyumbani. Na mumpe kazi ya kuosha maiti Sabaki. Mchezaji atakayechukua nafasi hiyo awe mzuri kuliko wote mlio nao, si yule aliyebaki.

Na Helen, msimkate. Yule mwanamke ambaye vita vilipiganwa kwa jina lake anakuja mbele ya mumewe, amevaa vizuri kuliko wote, anajitetea. Mume anaapa kwamba akifika nyumbani atamuua. Watazamaji wa Athens walikuwa wanajua hatamuua, maana walishasikia katika tenzi za Homer kwamba baadaye anaketi kwake raha mustarehe anakaribisha wageni. Watu wamekufa miaka 10, aliyetajwa kuwa sababu amerudi kwake salama. Hapo mtacheka, kicheko kile cha Kenya tunachokijua baada ya kila uchaguzi.

Muda wangu umenitupa mkono, naona mwenzangu wa taarifa ya habari ameshashika karatasi. Kama una maoni, na hasa kama bibi yako alikusimulia lolote juu ya mashamba ya Mambrui au kuvuka Sabaki, tupigie wiki ijayo saa kama hizi, tutafungua simu kipindi kizima. Kwaherini, na wanaoingia zamu ya usiku chumvini, kazi njema.